ELIMU YA AFYA: MAUA MAZURI, KICHAKA KIBAYA

Ndugu msomaji, leo tujifunze juu ya mmea uitwao lantana. Huenda kijijini kwako una jina lingine. Utautambua hivi: shina lina miiba midogo. Majani yanakwaruza, na ukiyafikicha yananuka sana. Maua yake ni madogo, yameshikana pamoja, ya njano, mekundu au ya waridi. Matunda huwa ya kijani, kisha huwa meusi.

Umetoka wapi?

Lantana ilitoka Amerika. Wazungu waliipenda kwa maua yake, wakaipeleka nchi nyingi kuwa pambo la bustani na uzio wa nyumba. Lakini ndege hula matunda na kuangusha mbegu kila mahali. Hivyo mmea ulitoka bustanini, ukaingia mashambani na porini.

Una madhara gani?

Kwanza, matunda mabichi yana sumu. Mtoto akiyala anaweza kutapika, kuharisha na kuishiwa nguvu.

Pili, majani yana sumu kwa mifugo. Ng'ombe akiyala ini lake huharibika. Macho huwa ya njano, na ngozi huungua kwa jua.

Tatu, kichaka ni maficho ya mbung'o, nzi anayeambukiza malale. Huko Busoga, nchini Uganda, biashara iliharibika miaka ya 1970. Mashamba mengi ya kahawa na pamba yaliachwa, yakaota lantana hadi karibu na nyumba. Mbung'o wakakaa humo. Kuanzia mwaka 1976 malale yalienea, na watu wengi wakaugua.

Sisi wa Mpanda na Katavi tunawajua mbung'o. Wa kwetu hukaa zaidi katika misitu ya miombo, lakini nao hupenda kivuli. Tusiwatengenezee kivuli mlangoni petu.

Tufanye nini?

1. Usipande lantana kuwa uzio au pambo.

2. Ing'oe pamoja na mizizi. Ukiikata tu, au ukiichoma moto, itachipua tena. Wakati mzuri ni wa mvua, udongo ukiwa laini, kabla mmea haujazaa matunda. Vaa nguo ndefu, maana ina miiba.

3. Mahali ulipong'oa panda mazao au majani ya malisho. Ukipaacha wazi, lantana itarudi.

4. Mtoto akila matunda hayo, mpeleke zahanati upesi. Chukua na tawi lake umwonyeshe mganga.

5. Ng'ombe akila majani, mweke kivulini, kisha mwite bwana mifugo.

6. Ukipata homa, kichwa na viungo vikiuma, usiseme tu ni malaria. Nenda ukapimwe. Kama uliumwa na mbung'o, au ulikwenda porini kurina asali, kuwinda au kuchunga, mwambie mganga. Malale yana dawa. Mgonjwa asipotibiwa hufa.

Mtu mmoja akisafisha kwake na jirani akaacha, ndege wataleta mbegu tena. Kwa hiyo kijiji kipange siku moja, watu wote wang'oe pamoja: nyumbani, shuleni, njiani na kisimani.

Maswali ya kujadili darasani

1. Lantana imeota wapi katika kijiji chetu?
2. Kwa nini kuikata tu hakutoshi?
3. Tutaanza lini kuing'oa, na nani atasimamia kazi?