Achari na jemu za mashindano Salamabila

Mwisho wa mwaka, mvua ikishika, maembe ya Kabambare na Kasongo huiva yote kwa pamoja. Bei ya fungu inashuka sokoni, na mengi yanaozea chini ya mti kwa kuwa barabara ya matope haiyafikishi mbali. Hapo ndipo pa kutoa sufuria. Kutengeneza achari na jemu kunafurahisha, na kunaweza kushindaniwa pia. Tarehe 8 Machi, akina mama wa Salamabila wanapokusanyika kwa siku yao, ingetosha meza moja ya chupa na zawadi kwa atakayewapita wenzake.

Matunda hayo yana historia hapa. Jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji lilipouteka mji wa Kasongo, Aprili 1893, daktari wake Mwingereza, Sidney Hinde, alikuta mpunga, mahindi, miwa na matunda vikistawi kuuzunguka mji huo wa Waungwana, yaani Waswahili wa biashara. Achari yenyewe ni chakula cha pwani walikotoka baadhi yao. Na ufundi wa kuhifadhi chakula ndani ya chupa uliwahi kutunukiwa zamani: mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimlipa mpishi Nicolas Appert faranga 12,000 kwa kuitangaza njia yake.

Jambo la kushika kabla ya yote ni uchachu. Kijidudu cha botulizimu hujificha katika udongo, na mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Zikifungiwa ndani ya chupa isiyo na hewa, katika chakula kisicho kichachu, huamka na kutoa sumu inayopooza misuli, hata ile ya kupumulia. Mara nyingi chakula hicho hakinuki wala hakibadiliki rangi. Ndimu na siki humzuia kijidudu huyo. Kwa hiyo sombe, maharagwe, uyoga na nyama visiingie katika mashindano haya, maana vinataka mtungi wa mvuke wenye mgandamizo. Hata pilipili mbichi iliyolowekwa ndani ya mawese isiwekwe siku nyingi. Itengenezwe kidogo na iliwe mapema.

Anayeanza aanze na achari ya ndimu, kwani yenyewe ni chachu tayari. Osha kilo moja ya ndimu, uzikaushe, kisha upasue kila moja vipande vinne. Changanya na gramu 200 za chumvi pamoja na pilipili kiasi unachopenda, utie ndani ya chupa ya kioo, halafu ukamulie ndimu nyingine mpaka maji yafunike vipande vyote. Anika juani mchana, uiingize ndani jioni, na utikise kila siku. Ganda likilainika, baada ya wiki mbili au tatu hivi, achari iko tayari. Kipande kinachoelea juu ya maji ndicho kinachoota ukungu, basi kizamishe.

Jemu ya embe inataka uangalifu zaidi, kwa kuwa embe lililoiva sana hupoteza uchachu wake. Chukua kilo moja ya nyama ya embe, ukichanganya yaliyoiva na machache mabichi, kwa sababu mabichi ndiyo yanayoifanya jemu igande. Tia sukari robo tatu ya kilo na maji ya ndimu nne. Papai lifanyie vivyo hivyo, ila ndimu ziongezwe. Koroga juu ya mbabula yenye moto wa wastani, kwani sukari huungua upesi. Ili kujua kama imekwisha, weka tone kwenye kisahani ulichopozesha ndani ya maji baridi, kisha ulisukume kwa kidole. Likijikunja ngozi, epua.

Chupa za mayonezi au za kahawa zinafaa, mradi vifuniko ni vya chuma na havijashika kutu. Zichemshe dakika kumi, uzijaze jemu ingali moto ukiacha nafasi ya sentimita moja juu, na uzifunge. Tandika kitambaa chini ya sufuria, uzipange humo, maji yavifunike vifuniko, zichemke dakika kumi nyingine. Zikipoa, katikati ya kifuniko pawe pamezama. Kikicheza ukikibonyeza, hewa imeingia. Jemu hiyo iliwe kwanza nyumbani.

Waamuzi wawe watatu, na wasione majina, namba tu. Kila chupa iwe na karatasi yenye jina la tunda na tarehe. Waanze na kifuniko, waangalie rangi na ukubwa wa vipande, ndipo waonje. Mimi ningeipa ladha nusu ya alama zote, maana chupa nzuri ya kutazama tu haimsaidii anayekula. Iliyovimba kifuniko, au inayotoa povu ikifunguliwa, isionjwe hata kwa ncha ya ulimi: itupwe shimoni, mbali na kuku na watoto.