Jeraha Dogo Si la Kudharau

Siku ya kazi ya shamba haipiti ila mwanafunzi mmoja hujikata kwa jembe au panga. Wenzake humcheka, naye hupaka udongo palipokatika, akaendelea na kazi. Yafaa tujue ya kuwa udongo huo waweza kudhuru kuliko panga lenyewe. Ndani ya udongo na samadi hukaa vijidudu vya pepopunda, na tundu dogo la msumari lavitosha kuingia mwilini.

Basi ukijikata, fanya hivi. Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Pili, weka kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa muda wa dakika 10. Usifunue kutazama, maana damu inayoanza kuganda itatoka tena. Tatu, damu ikikoma, osha jeraha kwa maji safi mengi mpaka mchanga wote utoke. Nne, lifunge kwa bendeji au kitambaa safi kikavu, ukibadilishe kila siku na kila kinapolowa. Usitie majivu, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya taa.

Je, ni wakati gani wa kwenda zahanati? Nenda upesi ikiwa damu haikomi, jeraha lina kina au midomo yake imeachana, kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi, au umechomwa na kitu kichafu. Kitu kikubwa kilichokwama ndani usikichomoe, mwachie mganga. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende siku iyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Siku zifuatazo angalia uvimbe unaozidi, usaha au homa. Pepopunda kwa kawaida huanza kati ya siku 3 na 21, na mara nyingi dalili ya kwanza ni taya kukaza. Huenda wakati huo jeraha limekwisha kupona na kusahauliwa. Ugonjwa huu ni mgumu kuutibu, lakini chanjo huuzuia. Ikiwa jeraha ni chafu, na tangu chanjo ya mwisho imepita zaidi ya miaka 5, yakupasa kuchomwa sindano nyingine. Kwa hiyo wazazi wazitunze kadi za kliniki, nasi tuwaulize tulichanjwa lini.

Mwisho, ukijikata mwarifu mwalimu wa zamu papo hapo. Kuficha jeraha si ushujaa.