Je, Kitambaa Hupumua? Istilahi na Sayansi ya Jaketi la Theluji

1. Utangulizi
Philip Boit alipoiwakilisha Kenya katika mbio za skii huko Nagano mwaka 1998, mavazi ya theluji yaliacha kuwa habari ya wageni tu. Makala haya yanachunguza istilahi moja ya mavazi hayo, "kitambaa kinachopumua", ambayo ni tafsiri sisisi kutoka Kiingereza. Tunadai kuwa sitiari hii inapotosha, na upotofu wake unaweza kumdhuru mvaaji.

2. Utendakazi wa kitambaa
Mchezaji wa skii hukabiliwa na maji kutoka pande mbili: theluji inayoyeyuka nje na jasho la mwili wake. Koti la mpira huzuia yote mawili. Jasho likakosa njia, nguo za ndani hulowa na kuunyang'anya mwili joto.

Mwaka 1969, Mmarekani Bob Gore aliivuta kwa ghafla plastiki ya Teflon iliyopashwa moto. Badala ya kukatika, ilitanuka ikawa na vitundu vidogo mno. Kwa maelezo ya watengenezaji, kitundu kimoja cha utando huo ni kidogo mara 20,000 hivi kuliko tone la maji, lakini ni kikubwa mara 700 hivi kuliko molekuli ya mvuke. Aidha, plastiki hiyo haishikani na maji, hivyo tone hujikunja juu yake bila kupenya.

Mvuke nao husukumwa na tofauti ya shinikizo: ndani ya jaketi mna joto na unyevu mwingi, nje kuna baridi na ukavu. Ifahamike kwamba hakuna hewa inayovutwa. Utando huo huuzuia hata upepo. Zipo pia tando zisizo na vitundu kabisa, kama Sympatex, ambamo molekuli za maji hupenya katikati ya plastiki yenyewe.

3. Tatizo la istilahi
Kupumua ni kuvuta hewa na kuitoa. Anayeamini kuwa jaketi lake hupumua hataona haja ya kufungua zipu apandapo mlima, ilhali jasho jingi huushinda utando wowote. Hali kadhalika, dawa ya kufukuza maji iliyopakwa kitambaa cha nje ikichakaa, kitambaa hicho hulowa na mvuke hukwama. Mvaaji hudhani jaketi linavuja, kumbe amelowa kwa jasho lake mwenyewe. Analohitaji ni kulifua na kulipaka dawa upya, si kununua jingine.

4. Hitimisho
Kiswahili kina utaratibu wake wa kuunda majina yanayotaja kazi ya kitu: kinasasauti, kiamshakinywa. Kwa msingi huo, tunapendekeza "kitambaa kipitishamvuke". Jina hili halina mvuto wa sitiari, lakini linamweleza mvaaji kinachopita na, kwa kunyamaza, kisichopita. Mwanaisimu anayeunda istilahi hana budi kuuliza kwanza kitu kinafanyaje kazi, ndipo aulize Waingereza wanakiitaje.