Matende na Mabusha katika Mwambao wa Tanga: Hali ya Maisha na Nafasi ya Muuguzi

Utangulizi

Matende na mabusha yamezoeleka mno katika mwambao wa Tanga, hata wengi huyachukulia kuwa sehemu ya uzee. Wapo wanaoamini kuwa mabusha huletwa na kunywa madafu mengi; wengine huyahusisha na kurogwa. Kwa hakika, chanzo kikuu cha maradhi hayo katika ukanda huu ni minyoo midogo iitwayo *Wuchereria bancrofti*, ambayo huenezwa na mbu na kukaa katika mishipa ya limfu.

Hata hivyo, kumtaja mbu peke yake hakutoshi. Kwa kawaida mtu hapati ugonjwa huu kwa kuumwa mara moja, bali kwa kuumwa mara nyingi, kwa miezi au miaka. Hivyo, hatari yake hutegemea nyumba anamolala, choo anachotumia na kazi anayoifanya. Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani ilisisitiza kuwa mazingira ambamo watu huzaliwa, huishi na kufanya kazi ndiyo chanzo kikubwa cha tofauti za kiafya zisizo za haki.

Nyumba, choo na kazi

Vijijini, minyoo hii huenezwa zaidi na mbu aina ya anofelesi, ambao pia hueneza malaria. Mijini, mwenezaji mkubwa ni mbu aina ya kuleksi, anayezaliana katika maji machafu: vyoo vya shimo vyenye maji, makaro yaliyo wazi na mitaro iliyoziba. Anayeishi katika nyumba yenye nyavu madirishani na choo kilichojengwa vizuri huumwa mara chache kuliko jirani yake asiye na vitu hivyo.

Ushahidi wa jambo hili upo ng'ambo ya bahari. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, punje za polistireni zinazoelea zilimwagwa katika vyoo vya shimo ili mbu wasizaliane, na wananchi wakapewa dawa. Mbu na maambukizi vilipungua sana. Choo kilikuwa sehemu ya tiba.

Maradhi nayo huzidisha umaskini. Mwanamume mwenye busha kubwa hushindwa kukwea mnazi au kuvuta nyavu. Mama mwenye tende hushindwa kwenda shambani kila homa inapompata. Kipato hupungua, na matibabu huwa mbali zaidi.

Kingatiba na mipaka yake

Mpango wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huu ulianza mwaka 2000, na mwaka 2004 ugawaji wa kingatiba ukaanza mkoani Tanga. Wananchi walipewa ivermectin na albendazole mara moja kwa mwaka. Dawa hizo huua vijimelea vichanga vilivyomo katika damu, hivyo mbu hukosa cha kusambaza. Maambukizi yamepungua kwa kiasi kikubwa. Lakini kidonge hakirudishi mguu uliokwisha kuvimba, wala hakiondoi busha. Busha huhitaji upasuaji. Tende huhitaji matunzo ya kila siku.

Wajibu wa muuguzi

Wagonjwa wawili wanaweza kupewa ushauri mmoja: "Osha mguu kwa sabuni na maji safi kila siku, kausha katikati ya vidole, vaa viatu." Mmoja ana bomba uani. Mwingine huchota maji kisimani, mbali, kwa mguu uleule unaouma. Kwa huyu wa pili, ushauri huo usipofuatwa na swali huwa mzigo, na asipopona hulaumiwa kwa uzembe. Muuguzi anayetaka kupunguza tofauti hizo anaweza kufanya yafuatayo:

1. Kuuliza kabla ya kushauri: nani huchota maji, sabuni hununuliwa na nani, viatu vinavyomtosha vipo? Kisha apange matunzo pamoja na mgonjwa na familia yake.

2. Kulinda heshima. Mzee mwenye busha huona haya kumweleza kijana, hasa binti. Salamu ya adabu, chumba chenye faragha na hiari ya kuonwa na mhudumu wa kiume humwezesha kusema mapema.

3. Kuandika na kuhesabu. Orodha ya wenye matende na mabusha, inayolindwa kwa usiri, humwezesha kuwapa rufaa kwa upasuaji na kuwafuatilia waliokwama kwa kukosa nauli.

4. Kupaza sauti. Muuguzi hachimbi kisima, lakini anaweza kufikisha idadi ya wagonjwa, bila majina, kwa kamati ya usimamizi wa kituo na serikali ya kijiji, ili maji, vyoo na mitaro vijadiliwe kama mambo ya afya.

Kwa mgonjwa na familia

Lala ndani ya chandarua. Meza kingatiba inapogawiwa, isipokuwa kama mhudumu amekushauri vinginevyo, kwa mfano wakati wa ujauzito. Inua mguu unapoketi, na tibu vidonda vidogo mapema. Ukipata homa, mtoki, au mguu ukawa mwekundu na kuuma, pumzika, usiukande, na uende kituoni.

Hitimisho

Kutokomeza maambukizi ni hatua kubwa, lakini si mwisho wa kazi. Waliokwisha kuvimba bado wanaishi katika nyumba zilezile na huchota maji katika visima vilevile. Huduma ya haki huanza pale muuguzi anapoutazama mguu, kisha akauliza kuhusu njia ambayo mguu huo hupita kila siku.