Udongo Mwekundu na Majani ya Manjano

Watu wengi wanasema: udongo wetu uko mwekundu, basi chuma kiko kingi, mimea haiwezi kukikosa. Chuma kiko kingi kweli, karibu sehemu 5 kwa 100 za ganda la dunia. Lakini mzizi haunywi kutu. Unanywa chuma kilichoyeyuka tu.

Alama. Chuma hakihami vizuri toka majani ya zamani. Ndiyo maana majani machanga ya juu yanageuka manjano kwanza, mishipa inabaki kijani. Kama manjano inaanza chini, tutafute sababu ingine, mara nyingi ni azoti.

Sababu.

1. Chokaa na majivu. Vinapunguza asidi ya udongo. pH ikipanda daraja moja, ioni za chuma Fe3+ zinapungua mara 1000. Udongo wenye asidi nyingi unapenda majivu kidogo. Lakini pale majivu ya jikoni yanamwagwa kila siku, ama wajenzi waliacha chokaa, maharagi yanaweza kuumwa.

2. Maji yaliyotuama. Kwa udongo wa chokaa yanazidisha ugonjwa. Lakini kwa mabonde yenye asidi yanayeyusha chuma kupita kiasi, na mpunga unapata sumu, majani yanakuwa na madoa ya rangi ya kahawia.

3. Fosfori, manganezi ao shaba ikizidi, inazuia chuma.

4. Aina ya mmea. Mizizi ya maharagi inatoa asidi. Ile ya nafaka inatoa vitu vya kukamata chuma. Shayiri inatoa vingi, mpunga na mtama kidogo.

Kujaribu. Mfaransa Eusèbe Gris, katika miaka ya 1843 na 1844, alitia chumvi ya chuma juu ya majani ya manjano, na kijani kikarudi. Sisi pia tunaweza: gramu 5 za sulfati ya chuma katika litri 1 ya maji, jioni tupake majani machache tu, mengine tuyaache. Yaliyopakwa yakirudi kijani, sababu ni chuma. Tuache kumwaga majivu pale, tutie mbolea ya majani yaliyooza.

Anayekosea sababu anaongeza majivu, na sufuria ya maharagi inabaki tupu.

Maulizo: Kwa nini majani ya juu yanaumwa kwanza? Ni wapi hapa kwetu majivu yanamwagwa, na ni nini kimepandwa pale?