Duka Humfuata Mnunuzi



Mji wetu wa Babati uko njia panda. Barabara za Arusha, Dodoma na Singida zinakutana hapa. Basi likisimama, biashara inachangamka. Je, magari yakizuiwa, wanunuzi watabaki?

Mji wa Kalamazoo, Marekani, ulijaribu. Wenye maduka wa katikati ya mji waliona wateja wameanza kwenda kununua nje ya mji, kwenye nafasi ya kuweka magari. Basi mwaka 1959 wakafunga mtaa wa Burdick, gari lisipite. Wakapanda miti na maua. Watu wakajaa. Miji mingine kama 200 ikaiga.

Lakini watu walizidi kuhamia nje ya mji, na maduka makubwa yakawafuata hukohuko. Mtaa ukabaki na maua yake, wanunuzi wakapungua. Mwaka 1998 sehemu ya mtaa ikafunguliwa tena, magari yakapita. Miji mingi iliyoiga ilifanya vivyo hivyo.

Mtaa wa Boulder, ulioanza 1977, bado una watu. Karibu yake kuna chuo kikuu, na wanafunzi wanafika kwa miguu.

Tunajifunza nini? Maua hayanunui kitu. Tukipanga mahali pa soko au stendi, tuulize kwanza wanunuzi wanatoka wapi.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini wanunuzi walipungua Kalamazoo?
2. Gulio la kijiji chenu likihamishwa, nani atashindwa kufika?