Kunasa Viambishi Awali kwa Ruwaza za Kompyuta: Mifano ya Majina ya Mahali ya Njombe na Makambako

1.0 Utangulizi

Uchanganuzi wa majina ya mahali huanza kwa kutenga kiambishi awali na shina. Orodha ikiwa ndefu, kazi hiyo huweza kufanywa kwa ruwaza, yaani fomula inayoieleza kompyuta umbo la neno linalotafutwa. Katika Perl, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1987 na Larry Wall, ambaye alisomea isimu, sehemu ya ruwaza huweza kutiwa katika mabano. Herufi zinazolingana na mabano ya kwanza huhifadhiwa katika $1, na za mabano ya pili katika $2. Utaratibu huo ndio unaoitwa hapa kunasa. Makala hii inaonyesha kwamba kinachonaswa ni mfuatano wa herufi tu, wala si mofimu.

2.0 Mpangilio wa Chaguo

Tuchukue ruwaza ifuatayo:

/^(m|ma|mw)(.+)$/i

Perl hujaribu chaguo kutoka kushoto kwenda kulia, na hutosheka na la kwanza linalofaa. Kwa hiyo Majengo, kata ya Makambako, hugawanywa kuwa M na ajengo. Chaguo refu zikitangulizwa, matokeo hubadilika:

/^(mw|ma|m)(.+)$/i

(a) Majengo: Ma + jengo
(b) Makambako: Ma + kambako
(c) Mwembetogwa: Mw + embetogwa
(d) Mjimwema: M + jimwema

Mfano (a) unathibitishwa na umoja wake, jengo. Mfano (b) una umbo lilelile, lakini ruwaza haithibitishi kuwa ma- hiyo ni kiambishi cha ngeli. Ushahidi sharti utafutwe katika lugha za eneo hilo, hasa Kibena. Mfano (d) ni sahihi nusu tu, kwani kiambishi cha upatanisho katika mwema kimebaki ndani ya $2.

3.0 Ritifaa

Alama \w huwakilisha herufi, tarakimu na mstari wa chini; ritifaa haimo. Ruwaza /(\w+)/ ikitumiwa kwa Wanging'ombe, wilaya ya Mkoa wa Njombe, hunasa Wanging peke yake, na hivyo kuipasua ng', ambayo ni fonimu moja. Ruwaza /([\w']+)/ hurekebisha kosa hilo, mradi ritifaa iwe imeandikwa kwa alama ileile katika matini yote.

4.0 Ruwaza Isipolingana

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa urahisi. Ruwaza isipolingana na neno, Perl haifuti $1. Programu ikichanganua Majengo, kisha Yakobi, kata ya Njombe, ndani ya fungu lilelile la maagizo, $1 hubaki na Ma. Mtafiti asiyekagua kwanza kama ulinganifu umefaulu ataandika kuwa Yakobi lina kiambishi ma-. Kosa la namna hiyo halitoi onyo lolote; huingia katika majedwali, na kutoka humo katika hitimisho la utafiti. Kinga yake ni kuisoma $1 ndani ya sharti la if pekee.

5.0 Hitimisho

Ruwaza hupunguza kazi ya mkono, lakini haibebi hukumu ya mwanaisimu. Kila kinachonaswa hakina budi kuchukuliwa kuwa dhana tete, hadi kithibitishwe na umoja na wingi, upatanisho, au wazungumzaji wenyewe.